Bomba la Waziri Mkuu

Sheria ilitaka bomba la nyumbani kwa Waziri Mkuu litoe maji sawasawa na kata yenye shida ya maji kuliko zote nchini. Saumu Kilenzi, fundi bomba aliyepanda ngazi hadi cheo hicho, ndiye aliyeipigania. Kwa miaka tisa kata hiyo ilikuwa Isambura, na kwa miaka tisa Saumu alioga nusu ndoo bila kunung'unika.

Asubuhi hiyo bomba la jikoni lilikohoa, kisha likafoka maji hadi yakamlowesha kanga.

"Tumeweza!" alishangilia. "Bi Mwache, jaza masufuria yote! Fua na mapazia!"

Bi Mwache, mpishi wake, mzaliwa wa Isambura, hakusogea.

"Mama, kwetu hakuna kisima kilichochimbwa."

"Sasa haya yametoka wapi?"

"Mita zinahesabu nyumba zenye watu tu. Dada yangu ndiye aliyekuwa amebaki peke yake. Naye kahama Jumapili, kwa hiyo Isambura haihesabiwi tena."

Saumu aliyatazama maji. Alijua vizuri bomba linavyofungwa. Kisha akavua kilemba, akainamisha kichwa chini yake, maana nywele zake zilikuwa hazijaoshwa zikatakata tangu alipoapishwa.