Jibu la Kwanza

Kila asubuhi dodoso la afya lilizungumza kutoka ukutani, na dawa ya siku ilitoka kwenye droo chini yake kulingana na majibu. Daktari wa kumlilia hakuwapo tena.

"Bi Mwanaheri, maumivu yakoje leo?"

"Si haba, namshukuru Mungu," mama akajibu, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, jasho likimtiririka. Baada ya hapo, kama alivyolelewa, ndipo akaanza kueleza. "Ila huu mgongo, mwanangu, usiku kucha..."

Sauti ilikuwa imeshanyamaza. Lilihesabiwa jibu la kwanza tu. Droo ikafunguka, tupu.

Saumu, bintiye aliyesimama kando, akapandwa na hasira. "Mama, si nilikwambia uanze na maumivu? Shukrani baadaye."

"Mtu akujulie hali, wewe umrukie na maradhi yako? Ndivyo nilivyokulea?"

"Huyo si mtu."

"Ameniita Bi."

Saumu akaupiga ukuta ngumi, akaupiga tena. Waliolitafsiri dodoso hilo la kigeni walijigamba kwamba ni la kuaminika, kwa kuwa wazee wa mtaa mzima walitoa jibu lilelile kila siku. Washenzi wale walikuwa wamepima adabu, wakaiita afya.

Sauti ikarudi, nyororo kama kawaida. "Saumu, nimesikia kishindo. Wewe unaendeleaje?"

Vidole vilikuwa vinavuja damu. Matusi aliyowawekea watafsiri hao tangu mwaka jana yalikuwa yamemjaa kinywani.

"Salama," akasikia mdomo wake ukisema.

Droo ikajifunga.