Sabuni ya Jumanne

Jumanne ya tarehe sita, Siwema aliteleza akatumbukia ndani ya pipa la kiwanda cha sabuni, mawese na kostiki vikichemka. Wenzake waliopoa maiti.

Ijumaa meneja alifika matangani na katoni ya sabuni. "Pole, mzee Chande. Rambirambi ya kiwanda."

Chande alitoa mche mmoja, akaubonyeza. Ulikuwa bado mbichi.

"Si wewe uliyemwambia mke wangu kostiki haichagui? Ikikuta mafuta, yawe ya mawese, yawe ya mtu, inayageuza sabuni?"

"Niliwaonya wote, mzee."

"Maneno ulitoa, kizuizi cha pipa hukuweka."

Mama mmoja aliyekuwa akiosha masufuria kwa mche mwingine wa katoni ile alisuuza mikono haraka.

"Haya, bosi, niambie. Ile ya Jumanne mliimwaga, au mliikata miche?"