Kiboksi cha Mama Vichupa

Maji ya zambarau yalikuwa yamegeuka kijani tena. Mama Vichupa aliinama juu ya kiboksi chake cha kupimia, akautazama mstari kwenye skrini ukiporomoka, akauma mdomo.

"Yamekufa," alisema. "Chaji haikai."

Mumewe, aliyesimama mlangoni mwa maabara na kofia mkononi, hakuuliza yamekufa vipi. Maji yale yalitoka kwenye betri mpya ya hospitali, matangi mawili marefu ambayo umeme wake hutunzwa ndani ya maji. Na binti yao wa pekee alikuwa amelazwa hospitali hiyohiyo, akisubiri kuzibwa tundu la moyo. Umeme wa mjini ulikuwa wa kuja na kuondoka. Jenereta lilishakuwa chuma chakavu. Daktari alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: hafungui kifua cha mtu mpaka taasisi ya utafiti iandike kwamba betri inaaminika.

Na taasisi, kwa siku zile, ilikuwa ni Mama Vichupa. Mashine kubwa ya kupimia, ile yenye bei ya nyumba, ilikuwa imefunikwa nailoni ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Kilichobaki ni kiboksi alichokiunda mwenyewe, hakizidi boksi la viatu: pampu mbili za tangi la samaki wa mapambo, vichupa viwili vya jemu, mipira ya dripu, na kikadi cha kusomea umeme. Wenzake walikicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alitaka kujua kama kinachemsha na chai.

"Andika tu kwamba yanafaa," mumewe alisema. "Nakuomba, mama. Moyo wa mtoto umechoka, daktari mwenyewe kasema."

"Nikiandika uongo, taa zitazimika kifua cha mwanangu kikiwa wazi. Unataka nimuue kwa kalamu?"

"Labda hicho kiboksi ndicho kinachokosea."

Neno hilo lilimchoma, lakini hakulipuuza. Alibadilisha mipira. Alibadilisha pampu. Aliviosha vichupa, akakata upya raba za vifuniko kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akazibana kwa vidole vyake mwenyewe, maana maji yale na hewa havipatani hata kidogo. Akaomba maji mengine kutoka hospitalini. Yakaletwa kwenye dumu lililofungwa barabara, zambarau tupu, rangi ya maji yenye chaji; akapima kiasi, na yaliyobaki akayafungia tena kwenye dumu, akayahifadhi kabatini. Kufikia jioni kile kiasi kilikuwa kijani. Hakuwa na maji ya mahali pengine ya kulinganisha nayo, kwa kuwa betri ya aina ile ilikuwa ya kwanza kuletwa nchini.

Akaandika: haifai. Machozi yalimlenga, lakini akaandika.

Wodini binti alikuwa ameketi akiegemea mito miwili, midomo imeiva bluu.

"Ni kesho, mama?"

"Bado, mwanangu. Maji hayajapona."

"Basi na yenyewe yapewe kitanda," binti alisema, wakacheka wote wawili mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Binti alifariki akisubiri, mchana kweupe, feni ya wodini ikizunguka. Siku hiyo umeme haukukatika hata mara moja.

Mume wa Mama Vichupa hakumlaumu kwa maneno. Aliacha tu kumwita mama. Baada ya mazishi alikusanya nguo zake, akahamia kwa kaka yake.

Habari zikaenea haraka. Mkuu wa taasisi alizisimulia katika kila mkutano, leso mkononi: huyu hapa mzazi ambaye hakupindisha kipimo hata kwa damu yake. Nani tena angethubutu kukicheka kiboksi kile? Hospitali nyingine, za miji ya mbali, nazo zikaanza kuletewa betri kama ile, na zote zikataka kiboksi cha Mama Vichupa. Ni rahisi, kinaingia kwenye mkoba, na hakimwogopi mtu. Karakana ya taasisi ikawa haipumziki. Mama Vichupa mwenyewe aliwafundisha mafundi kukata raba za tyubu kama alivyozikata yeye.

Majibu kutoka huko yakawa yaleyale: maji mabovu, wagonjwa wasubiri. Kila lilipokuja jibu la namna hiyo alihuzunika, na papo hapo akapata nafuu. Hakuwa amekosea. Mwanawe alikuwa amekufa kwa sababu ya ukweli, na kwa wazo hilo aliweza kula na kulala.

Kipuri kilipofika, fundi wa mashine kubwa alijifungia nayo kutwa nzima. Kisha akamwita Mama Vichupa, akafunga mlango nyuma yake.

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Sema."

"Nilitaka kuijaribu mashine. Nikachukua yale maji ya hospitali uliyoyabakiza kwenye dumu." Alikuwa akifuta mikono iliyokuwa safi tayari. "Yanashika chaji. Yanashika yote."

"Mashine yako imelala mno, haijazinduka vizuri. Pima tena."

"Nimepima mpaka nimechoka, dada."

"Basi umechanganya madumu."

"Na mimi nilidhani hivyo." Fundi alitazama sakafu. "Ndiyo nikayatoa kwenye mashine, mazima vilevile, nikayatia kwenye kiboksi chako. Yameingia mazima, dada. Yametoka yamekufa."