Mama Asiyefoka

Kila mwaka mpya mtu mzima huandikisha lengo moja ofisi ya kata, na kidude anachopachikwa shingoni huhakikisha halivunji. Hakuna kubadili, hakuna kuomba radhi. Jirani yake Tausi, Mzee Shaweji, aliapa kuacha sukari. Akionja chai tamu tu, kidude kinambana taya. Tausi yeye aliapa hatamfokea tena mwanawe Rukia, na mtaa mzima ukamsifu.

Novemba ilimkuta hajateleza hata mara moja. Asubuhi hiyo alikuwa uani akianika nguo, huku mafuta ya maandazi yakichemka jikoni. Kupitia mlangoni akamwona Rukia amepanda kigoda, mkono umeshafika kwenye mpini wa karai. Tausi akafungua kinywa apige ukelele. Kidude kikambana koo; haukutoka hata mnong'ono. Akatupa nguo, akakimbia. Hakuwahi.

Hospitalini mwenyekiti wa mtaa alimletea cheti na khanga mpya.

"Hongera, mama Rukia. Umebaki mwezi mmoja tu, usilegee."

Kitandani, Rukia aligeuza uso uliofungwa bandeji. "Mama, mbona hukuniita?"

Tausi alimjibu kwa upole. Sauti nyingine hakuwa nayo.