Bingwa Aliyekimbia na Kanzu

"Mbona bingwa wako amevaa kanzu?" aliuliza mwenyekiti wa kamati ya mbio, akiigeuzageuza picha aliyoletewa.

Tamimu alijibu bila kupepesa macho kwamba mwaka 1971 bukta zilikuwa adimu. Na huyu wa nyuma mwenye daftari? Karani wa kuandika washindi. Na hawa vijana watatu wenye fimbo? Mbio za kupokezana vijiti, mwenyekiti, kwani wewe michezo huijui?

Duka lake pale mjini Singida lilijaa picha za wanamichezo wa zamani kuliko vitambaa alivyouza, na kila picha aliijua ilikotoka. Hii moja tu ndiyo ilimshinda. Aliikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu babu yake, Abdulazizi: babu bado kijana, kanzu kaikusanya mkononi, anatimua vumbi, na watu nyuma yake wameachama midomo. Mzee yule hakuwahi kuitaja hata siku moja. Chema chajiuza, Tamimu alijisemea, na kifua kikamjaa.

Sasa mbio za mwaka huu zilikuwa zinatafutiwa jina. Kamati ilikubali ziitwe Mbio za Abdulazizi kwa sharti moja: apatikane shahidi aliye hai, ajaziwe fomu kabla ya Ijumaa. Fulana mia tano zenye jina la babu! Tamimu hata usingizi ulimpaa.

Nyuma ya picha palikuwa na muhuri wa studio ya Mkiwa. Mwenye studio alikwisha fariki, lakini mwanawe, Shukuru, alipekua kumbukumbu za baba yake akasoma: Mgori, kwa akina Mwanvua.

"Baba alikwenda kupiga picha kwa baiskeli, siku nzima," alisema Shukuru. "Na mzee hakuwa mtu wa kwenda mbali hivyo bila kuitwa."

Huko Mgori, Tamimu alimkuta Bi Mwanvua uani anapepeta alizeti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alipopewa picha, bibi alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Abdulazizi huyu! Na hawa wa nyuma ni kaka zangu."

"Kwa hiyo aliwashinda?"

"Aliwashinda vibaya sana. Na kaka zangu walikuwa na mbio, usifanye mchezo. Waliishia korongoni wanahema, mwenzao akazama msituni."

"Zawadi je, alipata?"

"Walikuwa nayo mikononi. Hawakumfikia tu."

Tamimu nusura alie kwa furaha. Alitoa fomu, akaanza kuandika: jina, umri, kijiji. Bi Mwanvua alijibu yote kwa utaratibu, ingawa kila mara aliuma upindo wa kanga na mabega yalikuwa yanamtikisika. Likabaki swali la mwisho.

"Wakati mbio zinaanza, bibi, wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani," alisema Bi Mwanvua. "Nimepakwa hina mpaka viwikoni, namsubiri babu yako amjibu shehe kwamba amekubali kunioa."