Wa Kwanza wa Kila Shule

Jeep nyingine ilikwama kwenye matope mbele ya shule ya Katuba. Dereva alishuka, akambeba Ephraïm mgongoni ili soksi zake zisichafuke. Baba yake, Monsieur Aristote, alifuata nyuma na tofali kila mkono.

«Matofali ni ya nini, Papa Ephraïm?» aliuliza mkurugenzi wa shule, Monsieur Ruphin.

«Ni kiti yake. Jana mutoto alikaa juu ya ndoo.»

Mwaka huo mkoa ulikuwa unafungua lycée, yaani sekondari, ya watoto wenye akili nyingi. Ili maskini naye apate haki yake, kanuni ilikuwa fupi: kila shule itapeleka mtoto mmoja tu, atakayekuwa wa kwanza katika mtihani wa darasa la sita.

Wazazi wa Golf, mtaa wa matajiri, walifikiri. Kuwa wa kwanza kati ya watoto wa wakubwa ni kazi. Kuwa wa kwanza Katuba ni mchezo. Kila mmoja alifikiri hivyo kwa siri. Kisha wote wakakutana mlangoni pa Monsieur Ruphin, kwa sababu shule za maskini zilizobaki hazikuwa na barabara ya kupitisha jeep.

Tangu darasa la kwanza, wa kwanza hapo alikuwa Bénie. Baba yake alikuwa akimwita Ingénieur, yaani injinia, hata hospitalini, siku ambazo majina mengine yote yalikuwa yamemtoka. Mama yake, Clotilde, mshonaji wa nguo, aliendelea kumwita hivyo baada ya mazishi. Lycée ile ilikuwa njia pekee aliyoiona ya kufika huko.

Lakini watoto wa Golf walikuwa na walimu nyumbani na nyama tumboni. Katika jaribio la hesabu, Bénie alijikuta nyuma ya watoto ambao hawakujua hata choo cha shule kiko wapi. Kisha nafasi yake kwenye benchi ikapotea. Akawa anafuata masomo akiwa amesimama nje, dirishani.

«Monsieur le directeur, mutoto yangu anasimama inje sawa sentinelle wa kulinda mulango,» alisema Mama Clotilde.

«Mama Bénie, mifanye je? École ni bure kwa bote. Siwezi kufukuza muntu. Hata mwenye jeep ni muntu.»

Madereva walikuwa wakinywa chai chini ya ukuta. Mmoja akadakia: «Kule kwetu Golf mabenchi iko mingi, mama! Climatiseur inapulizia baridi kuta tu. Vile directrice wa masomo ya kule iko na huzuni, anaweza kupokea hata mbuzi!»

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mama Clotilde hakucheka. Alimshika Bénie mkono.

«Ingénieur, twende.»

«Unamutoa ku masomo?» Monsieur Ruphin alishtuka. «Na examen iko karibu!»

«Muntu haandikake akiwa wima.»

Bénie hakuonekana tena Katuba. Monsieur Aristote alihuzunika kweli. Alimtuma dereva apeleke mfuko wa unga kwa yule mtoto aliyeacha shule. Mama Clotilde aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Siku ya matokeo, wazazi walijaa ukumbini, kila mmoja na kopo la poda mfukoni, la kummwagia mtoto atakayefaulu. Inspecteur wa shule alisoma matokeo, shule moja baada ya nyingine.

«Shule ya Katuba. Wa kwanza: Ephraïm!»

Monsieur Aristote alimmwagia mwanawe poda kichwani, akawamwagia majirani, akajimwagia na yeye. Wazazi wengine wa Golf walipiga makofi wakiwa wamekunja uso. Ukumbi mzima ukakohoa.

Inspecteur alifuta miwani, akasubiri vumbi jeupe litulie, akaendelea.

«Shule ya Golf. Waliofanya mtihani: mmoja. Wa kwanza: Bénie.»