Hekalu la Kuigiza

Siku hizo sheria ilimruhusu mtu mwenye shughuli nyingi kutuma nakala yake safarini, mradi nakala ikiulizwa isidanganye. Wiki nzima ya safari yao Mwanaidi alimtilia shaka mumewe, Shekue, asithubutu kumuuliza. Walipofika kwenye hekalu la Kigiriki lililoigizwa nje ya Tanga, Shekue alipapasa nguzo.

"Si lenyewe, lakini lapendeza," alisema.

"Na wewe, Baba Rehema? Ndiwe mwenyewe?"

Shekue aligeuka taratibu. "Wataka kweli nijibu?"

Mwanaidi alisita. Mume huyu alimsikiliza akizungumza. Wa nyumbani alishaacha zamani.

"Basi, usijibu," alisema. "Tuongeze siku mbili."

Hakutaka kujua ni nani angewafungulia mlango wakirudi.